Jezi Kumi na Nane

Msimu nauanza Septemba, jakaranda
ikinidondoshea maua ndani ya beseni,
na jezi kumi na nane mpya, zinanuka duka,
namba zake hazijawahi kujua jasho.
Meneja Kapya ananihesabia mlangoni, hapa Katuba,
kama mtu anayeniazima watoto.
«Mama Numbi, ikipotea moja, unalipa.»
Natia dole gumba.

Wengine ligi wanaisoma gazetini.
Mimi naisoma majini.
Maji ya kwanza yakiwa mekundu, tulicheza nyumbani, au Likasi.
Vumbi la Kolwezi linang'ang'ania mshono wa kwapa
kama mdai.
Udongo wa Goma mweusi, mkavu, una meno,
unakula uzi wa magoti:
lile ni jiwe lililowahi kuwa moto,
halikuumbwa ili watu waliangukie.
Kutoka Kinshasa zinarudi safi, ila chembe za mpira
nazikuta kwenye pindo za kaptura hadi wiki ya tatu.
Bukavu ni matope. Matope na sare tasa.

Wanangu hawaulizi matokeo.
Tukishindwa, jezi zinafika zimekunjwa vizuri.
Tukishinda zinafika fundo moja,
mikono ndani ya mikono,
na soksi moja haina mwenzake.

Februari bomba lilikauka siku kumi na moja.
Nikanunua maji kwa kijana wa baiskeli, bidoni kwa bidoni,
nikayaandika ukutani kwa mkaa.
Meneja akasema atanilipa wachezaji wakilipwa.
Wachezaji hawakulipwa.
Mwezi huohuo namba sita, ya Musonda Chabu,
ilikuja na damu. Siyo kifuani.
Mgongoni, juu ya namba,
na mechi ilikuwa ya nyumbani.
Nikatia chumvi, maji baridi, nikasugua kwa kidole
hadi ncha ya ile sita ikabanduka.
Jumapili iliyofuata alifunga.
Redio ilisema hakushangilia.

Halafu Juni, baridi yake, jezi hazikauki,
nazimalizia kwa pasi ya makaa usiku.
Mechi ya mwisho niliisikia kupitia ukuta wa jirani:
dakika ya tisini na mbili, kisha kelele,
kisha redio ikafa na kelele zikabaki.
«Tuko bashampioni! Mama, tuko bashampioni!»
Mtaa ulitoka na sufuria.
Mimi nilitoka kuanua soksi,
maana walikuwa wanacheza juu yake.

Mfuko ulifika kesho yake kwa toroli, unanuka bia.
Kumi na saba.
Nikahesabu tena. Nikaugeuza mfuko, nikaukung'uta.
Kumi na saba.
Chabu alivua yake akawatupia watu,
walewale.
Kombe lilipita barabara kubwa juu ya gari,
wanasema liling'aa sana.
Nilikuwa nimeinama.
Mshahara wa Juni ulikatwa jezi moja.
Maji hayakuandikwa popote.

Agosti, karibu na soko la Kenya,
mtoto anasukuma mkokoteni wa makaa
na namba sita inamfika magotini.
Ile ncha niliijua kabla sijauona uso.
Nikamshika kola.
«Mama, njo miye nilikamata! Mwenyewe ule alitupa!»
Macho yake tayari yalikuwa yameshapokonywa.
Jezi imefuliwa kwa sabuni kali, imeanikwa juani,
rangi ya shaba imekuwa ya chai.
Nikaiachia kola.
Nikamwambia: igeuze ndani iwe nje.
Maji baridi. Namba usiisugue.
Na usiikamue kama shingo ya kuku.
Akanitazama kama mwehu, akasukuma makaa yake,
haraka, asije nikabadili mawazo.

Leo Meneja amekuja na kumi na nane nyingine.
Mabingwa wana nyota ndogo kifuani, uzi wa dhahabu,
uzi mbaya, utachuja kabla ya Krismasi.
Nimehesabu mwenyewe, kwa sauti.
Dole gumba nimeliweka mfukoni.
Nimemwambia: kwanza andika maji.